Mafuta ya Ngombe mu Freni ya Motokari ya Waingereza

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Sake. Tarehe 19 mwezi wa saba 1957, saa ine ya asubuhi.

Jina: Kamaliza Léontine
Umri: miaka 22
Kazi: mulimaji, anauza maziwa
Makao: Mushaki, teritware ya Masisi
Masomo: mwaka wa tano, shule ya masista

Mimi ni bibi ya Mbonigaba Gustave, aliyefungwa mu kasho ya hapa tangu siku ya ajali. Hakuna aliyeniita. Nimetoka Mushaki kwa miguu na mutoto mugongoni, kwa sababu nimesikia imeandikwa kwamba Gustave aliharibu freni (breki) ya motokari yake kwa kusudi ili kaka yake mukubwa Straton afe, juu ya ngombe za baba yao. Haiko vile.

Mnamo mwezi wa pili 1956 Gustave alinunua motokari kwa bwana mumoja wa shamba la pareto aliyekuwa anarudi Ulaya. Ni ya Waingereza, ndogo, ya watu wawili, bila paa. Volani ya kuongozea iko upande wa kuume kwa sababu ilitoka Uganda. Ilikuwa imelala mu nyumba ya ngombe miaka mine, na kuku zilikuwa zinataga mu kiti. Tulitoa ngombe mbili. Straton alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mudogo wangu, umetoa ngombe mbili, umeleta mbuzi moja, tena iliyokufa."

Gustave ni fundi ku gereji ya kamyo za mizigo. Kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha misa, alikuwa anaifungua na kuisafisha kipande kwa kipande. Chini ya bati mifupa yake ni ya mbao, na ile mbao ilikuwa imeoza. Straton yule aliyecheka njo alienda Walikale, mpaka Itebero, kutafuta mbao ngumu ya musitu. Alirudi kisha wiki mbili, miguu imevimba. Walichonga wote wawili. Ngozi ya viti nililainisha mimi kwa mafuta ya ngombe, vile tunalainisha ngozi ya kubebea mutoto.

Mwaka huu, mwezi wa saba, kitu kimoja kilibaki: mafuta ya freni. Ku magazini ya Goma, wanapouza vipande vya motokari, walisema tungoje mwezi wa kumi.

Mnamo tarehe 13, saa tisa ya mchana, Gustave alikuwa amekaa karibu na motokari. Nilimuuliza ile mafuta inafanya kazi gani. Akasema inasukumwa na mguu mu bomba, inaenda kukamata magurudumu. Nikasema, "Yetu iko safi kuliko ya magazini." Akasema, "Ya ngombe? Itapita mu bomba?" Nikasema, "Nitaiyeyusha, nitaichuja mwenyewe mara tatu." Akaniuliza tena kama itafaa. Nikasema itafaa. Niliichuja na kitambaa cheupe cha mutoto. Nilishika kibuyu, nikamimina mu kikopo cha freni. Yeye alikuwa chini anafunga bomba.

Tarehe 14, saa nane ya mchana, jua kali, Gustave na Straton waliijaribu ku kiwanja mbele ya kanisa. Ilisimama vizuri mara tano. Gustave aliniweka ndani na mutoto, tukazunguka mara moja. Mama mumoja akasema, "Léontine, sasa hutatusalimia tena." Nilicheka.

Tarehe 15, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, nilikuwa ninakamua. Baridi ilikuwa nyingi, majani yalikuwa meupe kwa umande. Straton alikuwa amekaa ndani tayari. Akasema, "Mbao ni yangu, mimi njo wa kwanza kushuka Sake." Nikamwambia afunge koti. Wakaenda, Gustave ku volani. Ku mutelemuko nikasikia honi, ndefu, haikatiki. Kisha ikakatika.

Niliwakuta ku kona ya tatu. Gustave alikuwa mu majani, mukono umevunjika. Straton alikuwa chini ya motokari. Nilimufumba macho. Gustave akasema, "Pedali ilikuwa jiwe." Nikafungua kile kikopo nilimomimina. Mafuta ilikuwa nyeupe, imeganda. Nikajaribu kuingiza kidole, hakikuingia.

Kila asubuhi tangu niolewe ninasogeza chungu cha mafuta karibu na moto mbele ya kuchota, kwa sababu inaganda. Hata siku ile nilikisogeza. Mikono yangu ilijua. Mimi sikufikiri.

Gustave aliwaambia ninyi polisi kwamba alimimina peke yake na mimi nilikuwa mu shamba. Ni uongo. Anaogopa mutoto abaki bila mama.

Mama mukwe wangu, Mukasine, amenikatalia kuja. Jana alisema, "Nimezika mumoja, wa pili iko mu kasho. Weye unyamaze. Nani atanyonyesha?" Nikamwambia, "Mama, nitasema, kisha nitanyonyesha." Asubuhi alinifungia mutoto mugongoni, akakaza kitambaa.

Straton hakuchukiwa na muntu mu nyumba yetu. Njo yote niliyo nayo ya kusema, na hakuna aliyenifundisha kuyasema.

(sahihi) Kamaliza Léontine

Mimi, Munyakazi, mukubwa wa kituo, nimemusomea shahidi maneno yake mara mbili. Nilimuonya kwamba yatamugusa yeye mwenyewe, nikamuuliza kama nifute pale anaposema alimimina. Alikataa, akasaini. Saa sita amewekwa mu chumba cha nyuma pamoja na mutoto, kungoja bwana teritware, mukubwa wa Masisi, aamue. Mutoto alilia. Mufungwa Mbonigaba aliuliza kutoka kasho kama ule ni mutoto wake.