Kesho Niseme Nilitafsiri Vibaya

Alhamisi, Oktoba 1997. Uriri.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, lakini hasira zangu hazijapoa hata kwa maji yote hayo. Darasani leo nilinuna mpaka watoto wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Sasa ni saa kumi na moja, chai imepoa mezani, nami nimefungua kurasa za nyuma za daftari langu la maandalio, zile ambazo mwalimu mkuu hafiki.

Wazee wa ukoo wametoka hapa sasa hivi. Wanataka kesho nisimame mbele ya D.O., mkuu wa tarafa yetu, na baraza lote niseme kwamba Jumanne nilitafsiri vibaya. Niseme kosa lilikuwa la Kiswahili changu, si la Diwani.

Kiswahili changu! Mimi ambaye nimekifundisha miaka tisa, ambaye hata mhubiri kanisani nikimsikia anasema "kitu yangu" siwezi kukaa nikatulia. Ati kilikosea.

Wacha nianze mwanzo, la sivyo nitajaza ukurasa matusi.

Diwani wetu ni ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu. Namwita Baba, maana kwetu ndugu wa baba ni baba. Nilipofiwa ndiye aliyenilea, na nilipomaliza darasa la saba na watu wakaanza kuleta habari za posa, ndiye aliyewafukuza kwa fimbo. Amekuwa diwani tangu nikiwa mtoto wa shule. Enzi zake alikuwa moto. Lile daraja linalowavusha Wakuria wa ng'ambo mpaka soko letu, yeye ndiye aliyelipigania likajengwa. Hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Kwenye mikutano anaongea Dholuo, lugha yetu Wajaluo. Husema Kiswahili ni cha kuulizia bei. Kwa hiyo mimi husimama nyuma yake kidogo, mkono wa kushoto, nikiwatafsiria Wakuria, Wakisii wenye maduka na maofisa wa serikali. Tuna utaratibu wetu. Akisema sentensi mbili tatu, anagonga fimbo chini. Fimbo ikigonga, ni zamu yangu.

Miaka miwili sasa fimbo inagonga kabla sentensi haijaisha.

Mara ya kwanza alianza habari ya mbegu za mahindi, akakwama, akagonga. Nikaimalizia mwenyewe, tena kwa ufasaha, na watu wakapiga makofi. Mara nyingine aliwasalimu watu watatu kwa majina, na wote watatu tumeshawazika. Nikasema, "Diwani anawasalimu nyote." Hivyo hivyo nikageuka fundi wa viraka. Dholuo ikitoka imechanika, Kiswahili kinatoka kimeshonwa. Siku moja mwenye duka mmoja akaniambia, "Madam, huyu mzee bado yuko chonjo kabisa." Nikacheka naye. Nakiri kwamba nilijisikia fahari.

Na wale wanaoelewa Dholuo? Yawa, hao ndio wabaya kuliko mimi! Wao walisikia kila kitu. Walitazama viatu vyao, au wakacheka eti jaduong' anatania, mzee wetu anapenda mzaha. Nani atamwambia mzee kwamba amechoka? Halafu kiti kikitoka nyumbani kwetu kiende wapi? Basi nusu ya mkutano ilijua, nusu haikujua, na ukuta wa katikati ulikuwa mimi.

Jumanne D.O. alikuja kuuliza jambo moja tu: zahanati ijengwe wapi. Kina mama wa pande zote mbili walikuwa wameshakubaliana ijengwe pale darajani. Robi, Mkuria anayeniuzia ndizi, mwezi wa tano alijifungulia njiani akipelekwa hospitali kwa baiskeli, na mtoto hakupona. Baba mwenyewe alilia nilipomwambia. Kazi yake Jumanne ilikuwa kusimama na kusema neno moja, "darajani".

Akasimama. Akawashukuru watu kwa kuja kufungua daraja. Daraja ambalo tumelivuka miaka ishirini! Akasema wageni wavumilie kidogo, mkewe ataleta uji akirudi mtoni. Mama tulimzika miaka mitatu iliyopita. Kisha akasema zahanati ijengwe kule juu, kando ya kinu cha kusaga cha mwenyekiti wa ukoo. Na hayo hayakuwa maneno yake. Nilikuwa nimemwona mwenyekiti chini ya mwavuli akimnong'oneza, akirudia rudia, kama anayemfundisha mtoto shairi la siku ya wazazi.

Fimbo ikagonga.

Nilitafuta sindano na uzi kama kawaida. Nikamwona Robi, safu ya pili, mikono magotini, ananitazama mimi na si Baba. Ananingoja nimwambie. Haki ya Mungu, sikuweza. Nikatafsiri neno kwa neno: daraja, uji, Mama mtoni, kinu, yote.

D.O. akaacha kuandika, akauliza, "Daraja gani?" Baba akageuka. Nilidhani fimbo itanishukia kichwani, na ningeipokea. Alinitazama tu, halafu akakaa chini polepole. D.O. akaahirisha baraza mpaka kesho Ijumaa.

Jana nilimpelekea omena, dagaa wa ziwani. Nilimkuta barazani kwake anabambua njugu, akili imetulia, macho ni yale ya zamani. Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu. "Nikipotea huwa nagonga fimbo. Halafu nasikiliza Kiswahili chako nijue nilikuwa nasema nini."

Nikachota njugu kwenye ungo wake.

"Miaka yote hii nilidhani nimeyasema mimi," akaendelea. "Jumanne ndiyo nilisikia niko wapi. Waambie watafute mtu mwingine. Mimi wakiniuliza nitasahau."

Tukabambua njugu. Baadaye kidogo akainua kichwa, akaniuliza kama Mama amesharudi kutoka mtoni. Nikamwambia bado. Ndiyo, nilimdanganya tena, na hilo naliandika hapa ili nisijifanye malaika.

Nimeogopa kitu gani miaka miwili? Nilijiambia ni heshima. Si heshima. Nilipenda makofi, na niliogopa siku atakayokaa nyumbani bila mtu wa kumwita Diwani. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanafunzi wangu wanaijua hiyo tangu darasa la tano, na mwalimu wao ndiye aliyeshindwa kuifuata.

Leo wazee watano wamejaa chumba hiki na matope yao. Ya daraja na uji niseme niliyakosea mimi, ila ya kinu yabaki. Niliwaambia kile Baba alichosema jana. Wakasema mzee hajui anachosema. Sikilizeni hao! Jumanne alijua, Jumatano hajui. Fomu za uchaguzi ziko tayari, zinangoja sahihi yake. Nikauliza, je, atafanyaje kazi? Mwenyekiti akanijibu bila hata aibu: "Si lazima mzee awe na akili. Awe na jina tu. Kufikiri tutamfikiria sisi."

Hapo ndipo nilipochemka. Mtu aliyevusha watu mto leo amekuwa muhuri wa kugongea makaratasi yao. Nikawaambia hivyo, na sauti ilipanda. Wakasema mdomo umekuwa mrefu kwa sababu sijaolewa. Wakasema nikikataa kesho, nisikanyage tena boma la Baba, hata siku ya kumzika.

Hilo la mwisho limeniuma. Nimelia walipotoka, nimejipangusa, nimekaa kuandika.

Nao wanajua pa kugusa. Baba ndiye mtu pekee niliyebaki naye. Nikisema neno lao kesho, boma liko wazi na Robi ataendelea kuzalia njiani. Nikikataa, wanaweza kunifungia lango kweli, hawa watu si wa mchezo.

Lakini nani ataketi naye wakishapata sahihi yao? Nani alipeleka omena jana? Ng'ombe akivunjika mguu hujikokota zizini, na zizi la Baba si ofisi ya baraza la mji. Wakinifungia lango, nitamleta hapa kwangu. Kuna kitanda cha pili, na njugu zinabambuliwa popote.

Kesho nitapita kumchukua mapema. Nitamfunga vifungo vya koti, tutembee polepole, nisimame nyuma yake kidogo, mkono wa kushoto. Akisema, nitatafsiri alichosema.

Na mwenyekiti akiniita mbele nikiri kosa langu, nitakiri, tena kwa Kiswahili cha kila mtu kuelewa. Ndiyo, Bwana D.O., nilitafsiri vibaya. Nilitafsiri vibaya miaka miwili mfululizo. Jumanne ndiyo siku niliyotafsiri sawasawa.