Neno Moja kwa Fundi Viatu

Nyuma ya saluni,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa dada,

Shikamoo. Goti bado linavimba? Shemeji naye, kile kikohozi kimemwachia? Hapa wazima, mapacha wanakula kama mchwa. Mimi tu ndiye nisiyetulia. Barua hii nimeianza mara nne; nanyanyuka, nafagia sakafu iliyokwisha fagiwa, narudi.

Dada, nimeua mtu. Sikumgusa, lakini nimeua.

Jumanne asubuhi alikuja msukuma mkokoteni, mtu mzima, mcheshi. Mkokoteni kauacha nje, kwenye mteremko. Akaniambia, "Kinyozi, pole pole, hizo nywele chache zilizobaki nazijua kwa majina." Tukacheka. Sijamaliza hata upande mmoja, akaruka kitini akatoka mbio, kitambaa changu shingoni. Mwezi uliopita niliibiwa mashine mbili. Sikuuliza. Nikapiga kelele, "Mwizi!"

Siku hizi mtaa wetu hauhitaji kuambiwa mara mbili. Hakufika hata kona.

Kufika mlangoni, nikauona mkokoteni unaserereka wenyewe kuelekea barabarani. Kumbe aliuona kwenye kioo. Alikuwa anaikimbilia riziki yake.

Fundi viatu, jirani yangu, akanigeukia na jiwe mkononi. "Kinyozi, ndiye huyu?"

Hapo nilikuwa na nafasi, dada. Ningesema siye, wangemwachia. Nikaona haya, nikaogopa wasije wakanigeukia mimi. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa jibu. Polisi walipokuja alishakata roho.

Wameandika mwizi. Mkewe anafua nguo za watu. Sasa hawampi, wanamwita mke wa mwizi. Juzi alipita mlango kwa mlango kuuliza nani alimwona mumewe siku ile. Mimi nikamwambia sikuwepo.

Mama Pacha anasema yaliyopita si ndwele, niwafikirie watoto. Nawafikiria. Yule mama naye anao watatu.

Kesho asubuhi naanza kwake, asije akasikia kwa watu, kisha kituoni. Usinipigie simu kunizuia, maana wewe nikikusikia nitalegea.

Nisalimie shemeji, mjomba, na yule binti yako mshonaji. Mungu awaweke, hata jina langu likifika huko limechafuka.

Bado sijui nikibisha hodi nitaanzaje. Labda nitasema tu: mama, nilikuwepo.

Mdogo wako akupendaye hata ukinikasirikia,
Baba Pacha