Mshale Umelala Kwenye Sifuri

Baba Masanja,

Umenitupa. Tangu mavuno hujanijia hata ndotoni, kana kwamba huko uliko umeoa mwingine. Haya, sikiliza. Anayeniandikia ni jirani, Mama Neema, nami nimemkataza kuyalainisha maneno yangu.

Gari lako analiendesha mjukuu wetu Limi. Anabeba dagaa kutoka Nkome kuja hapa Tinde. Anaendesha vizuri, maana ulimfundisha wewe. Na hapo ndipo penye ugonjwa wangu.

Mshale wa spidi umelala kwenye sifuri, wiki ya pili sasa. Miti inakimbia dirishani, wenyewe umelala. Nikisema, Limi anacheka: "Bibi, tunakwenda kwa mshale au kwa magurudumu? Babu alisema dereva ni sikio."

Ulisema kweli. Nilikusikia, enzi za lile pikapu lako la zamani, ukibadilisha gia kwa kuisikiliza injini.

Juzi nilikuwamo. Kwenye kilima, tukitoka Geita, gari likaruka kama ndama aliyechapwa, injini ikalia, gia ikagoma kubadilika. Nyuma yetu lori la mawe ya machimbo likapiga honi. Limi akalitupa gari pembeni, magunia ya dagaa yakaniangukia shingoni. Tulipofika nilikwenda kwa fundi mwenyewe.

Fundi amenieleza. Kwenye giaboksi kumechomekwa kidude kama kidole gumba, wanakiita sensa ya spidi. Kinahesabu mizunguko, kinapeleka habari kwa waya. Ni kengele ya ng'ombe hiyo: umekaa nyumbani, unajua anatembea au anakimbia. Kengele ikikatika, ng'ombe yumo kwenye mtama wa jirani, wewe unadhani amelala zizini. Na habari hizo haziendi kwenye mshale tu. Gari hili linajibadilishia gia lenyewe kwa habari hizo hizo, likizikosa, linababaika. Pikapu gia ulibadilisha wewe, sikio likatosha. Sasa kiziwi ni gari. Sikio la Limi litafanya nini?

Sensa nyingine inatoka Mwanza, itafika baada ya siku nne. Limi hangoji. Anasema dagaa wamekwisha kauka huko Nkome, keshokutwa anaondoka kuwafuata. Maneno yangu kwake ni mvua juu ya bati. Yako anayashika.

Funguo nimezifukia kwenye unga wa muhogo, na kwa mkono wangu hazitoki humo. Lakini mtoto ana akili kama zako, atazipata.

Pumzika, mzee wangu. Kaburi lako nitalifagia mwenyewe, mgongo ukiniruhusu.

Ukija ndotoni, usipite kwangu. Nenda kwa Limi, kabla ya keshokutwa, umwambie sikio halitoshi. Neno ni lako. Kalitengue mwenyewe.