Pamba Masikioni

Jumanne, Karatu

Pamba! Sisi madereva wa watalii huziba masikio kwa pamba tukikwepa vumbi, nami nikaingia nayo bwawani kujifunza kuzamia. Mita tatu tu, sikio likachoma kama msumari. Mwalimu aliiona pamba, hakuniambia niitoe. Kwa nini?

Leo tukishuka kwa gari bonde la kreta, mgeni wangu wa Dar, mzamiaji, alibana pua na kupuliza taratibu kila kona.

“Unaumwa, dada?”

“Siumwi, kaka. Nasawazisha presha ya masikio. Ukisubiri sikio liume, umechelewa.”

Nikajaribu. Sikio likafunguka.

Jumamosi ni mtihani wa kuzamia. Nikishindwa, kazi ya kuongoza wageni kuzamia Zanzibar anapewa shemeji wa mwalimu. Naogopa, sikatai. Lakini nitapuliza kila nusu mita, sikio likigoma, napanda. Mwalimu akinihimiza nishuke haraka, nitakuwa nimeshapata jibu kwa nini hakuniambia nitoe pamba.