Meza ya Kumenyea Ndizi Safarini

Bweranyange, Karagwe

Dada yangu mpendwa Veronika,

Shikamoo. Naanza kwa kukuomba radhi, kabla hata ya kukuuliza hali. Barua yako ilinifikia kabla hatujapanda maharage. Sasa tumekwisha kuyavuna, nami sijakujibu. Sina kisingizio. Mtu aliyewasimamisha wanafunzi ukutani kwa kuchelewesha madaftari hana haki ya kujitetea. Nilitaka nikuandikie nikiwa na siku kamili ya kuondoka, lakini kila nilipoikaribia siku hiyo, ilisogea mbele.

U hali gani? Macho yako yanaendeleaje? Uliniandikia kwamba jioni huoni tena uso wa mtu, unaona umbo tu, na kwamba daktari amekwambia usitarajie nafuu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi mno. Ni miaka sita sasa hatujaonana, na sitaki nifike Newala unitambue kwa sauti peke yake. Kwa hiyo vumilia nikueleze jambo ambalo mtu mwingine angeliona dogo, kwa maana ndilo linalotuchelewesha: ubao wa jiko.

Sisi ni wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mgongo wangu haukubali kukaa kitini saa nyingi, basi la abiria siliwezi tena. Shemeji yako ana kisukari; sharti ale kwa saa zake, na chakula cha hotelini hukitazama kama dawa. Ndiyo sababu alinunua ile Haisi kuukuu iliyokuwa ikibeba abiria kati ya Kayanga na Kaisho. Viti vimeng'olewa. Nyuma kuna kitanda changu, na ubavuni kuna jiko dogo la gesi, sinki na kabati. Dereva ni binti yetu Koku, ambaye likizo yake ya uuguzi inaanza mwezi ujao na haiahirishwi. Kila kitu ki tayari isipokuwa uso wa juu wa lile kabati, mahali pa kumenyea ndizi na kukatia mboga.

Kazi tulimpa Fundi Erasto, seremala wa Kaisho, mtu mwangalifu sana. Alipoileta meza ya kwanza, ilikuwa imejengwa kwa saruji na vigae vyeupe, vizuri kama vya zahanati, nayo ilinifika magotini.

"Fundi," nikamwuliza, "hii ni meza ya mbuzi?"

"Mama Mwalimu, nimepima sawasawa. Nilimwambia mke wangu akae amenye ndizi, nikapima pale mkono wake ulipofika."

"Akae wapi?"

"Chini, kwenye majani. Kwani ndizi zinamenywa kwa kusimama? Tangu lini?"

Shemeji yako alicheka hadi akashika mlango wa gari. Nami sikuweza kumkasirikia fundi. Tangu niolewe huku nimemenya ndizi nikiwa nimeketi chini, miguu nimeinyoosha, kisu mkononi, maganda yakirundikana pembeni. Hakuna aliyewahi kuniona nikifanya vingine. Mgongo ndio uliobadilisha desturi. Erasto akaiinua meza mpaka kiunoni, tukaenda nayo Kaisho na kurudi ili tuijaribu. Barabara ile ya vumbi ina mawimbi. Tuliporudi, vigae vitatu vilikuwa ndani ya sufuria ya maharage, na saruji ilikuwa imepasuka kutoka sinki hadi ukingoni. Kinachofaa nyumba hakifai gari.

Dada, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila alasiri, mvua inapoanza, mimi huingia ndani ya Haisi na kujilaza kitandani. Imeegeshwa katikati ya migomba. Majani yanasugua bati la paa taratibu, ukungu unashuka kutoka kilimani na kufunika vioo, na baada ya muda gari linaanza kwenda. Halijawashwa, wala hakuna aliyekaa kwenye usukani, lakini linakwenda. Napita Biharamulo, napita Kahama. Singida naona yale mawe makubwa yakiwa yamelowa. Mahali fulani nasimama kumenya ndizi, na dirishani tayari kuna mikorosho. Harufu ya mabibo inaingia. Nakuona wewe uani umevaa kitenge cha bluu, umenyanyua uso. Kisha mgomba mmoja unadondosha maji mengi kwa pamoja juu ya paa, nami naona bado niko Bweranyange, mkono wangu umelala juu ya kabati lisilo na uso.

Meza ya pili ilikuwa ya plaiwudi iliyobandikwa fomeka, ile karatasi ngumu ya plastiki, yenye rangi ya maziwa. Nyepesi, laini, inafutika. Shemeji yako akasema tusidanganywe na sura, tuipe ndizi kwanza. Tukamenya mkungu mzima juu yake, tukayaacha maganda mpaka asubuhi. Wewe hujui utomvu wa ndizi mbichi, Dada. Ukiingia kwenye nguo, nguo hiyo imekwisha. Asubuhi ile fomeka ilikuwa na madoa meusi kama ramani ya visiwa. Nilisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya unga, na ramani ikabaki. Maji nayo yalikuwa yameingia ukingoni, ubao ukavimba.

Ya tatu ni chuma kisichoshika kutu, nayo ndiyo iliyomo garini hivi leo. Utomvu unatoka kwa kitambaa, sufuria ya moto haiidhuru, haivimbi wala haipasuki. Kwa haki, haina kosa. Lakini inalia. Kila shimo la barabarani linaitikiwa, na jua likiipiga, mtu anafumba macho. Shemeji yako alimenya ndizi moja juu yake, akaweka kisu chini.

"Mama Koku, hapa ni kama napasua mgonjwa."

"Inadumu," nikamjibu. "Tulitafuta kinachodumu."

Akatoka, akaenda nyuma ya nyumba, akaketi juu ya obwato wa baba yake.

Sharti nikueleze kitu hicho. Ni mtumbwi, lakini haujapata kuona maji ya ziwa. Ni gogo moja lililochongwa, ambalo ndani yake ndizi mbivu hutiwa pamoja na majani na kukanyagwa kwa miguu hadi zitoe maji ya kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi. Baba mkwe wangu aliuchonga akiwa kijana, akaukanyagia ndizi harusi zote za ukoo, na yetu pia. Tangu alipofariki, umelala kifudifudi chini ya mibuni. Mvua imeunyeshea, jua limeukausha, kuku wametagia chini yake. Haujapasuka mahali popote. Ulikwisha kuunywa utomvu miaka mingi iliyopita, na rangi yake sasa ni ile ya kahawa iliyokaangwa.

Fundi Erasto aliuona Jumamosi alipokuja kufunga chuma. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akainama kusikiliza.

"Mzee, unatafuta ubao duniani kote, na ubao unaukalia."

"Huo si ubao," shemeji yako akasema. "Huo ni baba."

"Basi baba angekwenda Newala."

Niliogopa kwamba atamfukuza. Hakumfukuza. Tangu siku hiyo anakwenda kuketi pale asubuhi na jioni. Kwao obwato haupasuliwi ovyo. Mwenye nyumba ndiye mwenye kauli, na akikwisha kusema, hakuna anayerudi nyuma. Koku alimwambia, "Baba, chuma kipo, twendeni tu." Nami nilimnyamazisha. Ningeweza kusema neno moja, Dada, nami ningekuwa njiani. Lakini mtu huyu aliketi kando yangu kila usiku niliposhindwa kugeuka kitandani kwa sababu ya mgongo, na sijapata kumwomba kitu cha baba yake. Sitaanza sasa.

Jana tulikuwa tunakunywa uji, akauliza bila kunitazama:

"Kwa dada yako wanapika ndizi?"

"Wanakula za kuiva. Za kupika hawana."

"Basi itabidi tubebe mikungu minne. Naye ataonja."

Akachukua kamba, akaenda nyuma ya nyumba. Nilichungulia dirishani. Alikuwa anaupima obwato kwa kamba ile, kisha anaikunjua na kuupima tena, kama mtu anayetumaini kwamba mara ya pili utakuwa mfupi mno na usimfae. Sikutoka kumwuliza. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni, na kwa muda sikumwona yeye wala mtumbwi. Nilimsikia tu akizungumza polepole kwa Kinyambo, na hapo nje hapakuwa na mtu mwingine.

Nisalimie kaka yetu Simoni, mtunza kanisa, na shangazi Lusia, mbangua korosho asiyechoka. Mwanao Deo, anayeniletea habari zako kwa simu, mwambie nimepokea ujumbe wake, na siku nyingine aandike maneno kamili. Yeye ni mtu mzima. Shemeji yako na Koku wanakuamkia.

Wewe kaa uani mchana, mwanga unapokuwa mwingi, uyapumzishe macho yako jioni. Fundi atarudi Alhamisi, ama na msumeno, ama kukaza skrubu za chuma. Uamuzi ukitoka, nitakuandikia siku hiyohiyo. Itakuwa barua fupi isiyo na salamu, nawe usinikasirikie. Utajua kwamba Koku ameshawasha gari.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Tekla