Kufuli la Mlango wa Dada Yenu

Wanangu,

Chakula cha mchana kiko jikoni, msiongeze chumvi. Nguo zikikauka zianueni.

Nimekwenda kumchukua dada yenu aje kulala nyumbani siku mbili. Kwenye ile nyumba wanayoishi wagonjwa wa akili wanaopata nafuu, anapika kwa zamu, na ufunguo wa chumba chake anautunza mwenyewe. Sasa leo asubuhi namkuta kaka yenu mkubwa, fundi wa ghafla, anapigilia komeo la kufuli nje ya mlango wa chumba cha dada yenu hapa nyumbani. Eti, “Mama, ni kwa usalama tu.” Usalama wa nani, baba? Wewe juzi umemwona panya ukapanda meza.

Komeo nimeling'oa kwa nyundo yako mwenyewe. Kufuli nimelifunga kwenye kabati lako la mashati. ~~Ufunguo uko chini ya mto wangu.~~ Hapana, nimeondoka nao.

Mwanangu aliumwa, hakuiba. Jioni atapika yeye, na kisu atashika yeye. Nami nitakaa karibu yake nikimenya vitunguu. Anayeogopa akale ukweni kwake.

Mama yenu, na nyumba bado ni yangu.