Sauti ya Kabula Imo Kwenye Diski Hii

Chanji,
Sumbawanga.
14 Septemba, 2013.

Mpendwa mdogo wangu Adriano,

Seva ya redio haitawaka tena hapa Sumbawanga. Fundi Clemens amesema hivyo leo asubuhi, akafunga begi lake la vifaa na kuondoka bila kunywa chai. Ndiyo maana Tereza, binti wa mama mdogo, anakuletea diski ya seva hiyo pamoja na barua hii.

Salamu zimechelewa, unisamehe. Shikamoo yako nimeshaipokea, marahaba. Wifi Mary na watoto hawajambo? Sisi ni wazima kiasi. Mama yuko Malangali. Vumbi la mwezi huu limemkamata kifua, lakini ulezi umeshaingia ghalani na bado ana nguvu za kugombana na kuku.

Nikueleze ilivyokuwa, maana simu ilikatika tukiwa katikati ya maneno. Mwishoni mwa Agosti seva ilianza kutoa onyo kwamba sehemu iitwayo boot, yenye mafaili ya kuiwashia, imejaa. Basil, dereva wetu ambaye pia hushika mitambo, aliliona onyo hilo akafuta kila kilichokuwamo. Nilipomuuliza juzi kwa nini, alinishangaa. "Dada Angela, gari likielemewa unashusha mzigo wa kwenye buti. Injini mimi sikuigusa!" Kwake ile boot ilikuwa buti, pa kuwekea gurudumu la akiba na magunia ya watu.

Seva iliendelea kufanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyejua. Jumanne umeme ulikatika. Uliporudi, skrini ilibaki nyeusi na mstari mmoja wa maandishi. Zile mashine tatu ulizozijenga ndani ya ile moja, ya matangazo, ya ofisi na ya kumbukumbu, zote zikafungiwa ndani. Nakala za akiba nazo tulikuwa tumeziweka humo humo. Mkurugenzi wetu, Bwana Raymond, alisema, "Kwa hiyo tumezikwa pamoja na jeneza la akiba."

Wewe ulisema ni kazi ndogo: kuiwasha kwa CD ya Linux, kurudisha mafaili ya kuwashia, na mtu asiandike kitu kingine chochote juu ya diski. Ujumbe wako ulinifikia Clemens ameshaanza. CD yake ilikuwa ya kuweka mfumo upya. "Ilikuwa inauliza, nami najibu ndiyo," alisema. Basil ndiye aliyechomoa waya wa umeme kumkatiza. Ni kiasi gani kimeandikwa juu ya vitu vyetu, hapa hakuna anayejua. Mimi nategemea mabaya.

Redio yenyewe tungeianza upya. Jambo zito ni la Kabula, mke wa Ngeleja, mfugaji. Asubuhi ya tarehe 19 Agosti alizungumza moja kwa moja kwenye kipindi changu, baada ya wakulima kuzuia ng'ombe wa wafugaji. Alisema, "Tusipige watu kwa sababu ya ng'ombe." Kesho yake watu walipigana, kijana akavunjwa mkono, na mashahidi wawili wakaapa kwamba Kabula alisema "Tupige." Sasa yuko mahabusu kwa uchochezi. Nilikuwa nimeketi mbele yake na niliisikia hiyo "si". Lakini mimi ndiye niliyemwalika, na neno langu peke yake halitoshi. Mahakamani wanataka sauti.

Alhamisi nilikwenda kumwona, nikamweleza. Aliniuliza, "Mlisema maneno ya redio hayaozi. Yameoza?" Nilimwambia sijui. Ngeleja, aliyekuwa amekuja kumwona pia, alisema kitu kwa Kisukuma, na mkewe hakukubali kunitafsiria.

Kwa hiyo usihangaike kuifufua seva nzima. Tafuta kipindi hicho kimoja kwenye mashine ya kumbukumbu. Ukipata hata nusu yake, tuma nusu. Ukikuta hakuna kitu, niambie hakuna kitu, usinipoze. Nimeandika habari mbaya za watu miaka mingi, na hii nayo nitaiandika.

Basil anakusalimu, ingawa siku hizi hainui macho. Mama anakusalimu, na anasema mwanao Cornelia aje kula ugali wa ulezi kabla hajasahau Kifipa. Msalimie sana wifi Mary. Mungu akuongoze mikono.

Tereza atashuka Ubungo Jumatatu usiku. Mpokee, hajui mji. Kesi ya Kabula itasikilizwa Jumatatu inayofuata, tarehe 23, na wakili anataka kujua mapema kama kuna sauti au hakuna. Nitakupigia Ijumaa tarehe 20, saa kumi jioni, nikiwa mlangoni kwa wakili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Angela